Msimnyang'anye kijana jina la Kiroboto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi mwenzangu wa Njombe, yule aliyeandika humu akitaka mtangazaji wa ndondo, mashindano ya mpira wa mtaani, na mashabiki wake waache kumwita mwanawe Kiroboto. Alisema hilo ni tusi, kwamba kiroboto ni mdudu wa watu wachafu, na kwamba mama aliyelea watoto kwa sabuni na maji ya moto hawezi kusimama pembeni ya uwanja akasikia umati mzima ukiitangaza nyumba yake. Uchungu wake nauelewa. Ila barua yake ina mambo mawili yasiyokaa sawa. La kwanza ni jepesi, nitaanza nalo. La pili linaumiza watu, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Mimi ni mstaafu wa idara ya mifugo. Cheti nilichukulia Mpwapwa, na karibu utumishi wangu wote nimeumaliza Mufindi, kuanzia kwenye chai hadi kwenye misitu ya misonobari. Hapa mtaani bado wananiita Bwana Mifugo, ingawa wajukuu wangu wananiita bibi. Watu wakisikia mifugo wanafikiria kupe. Kupe tulipambana naye kweli, lakini yeye yuko malishoni na kwenye josho. Kiroboto nilimkuta mlangoni, kabla hata sijakaribishwa kiti.

Tuanze na hilo jina. Mama wa Njombe, mchezaji ambaye nusu ya watoto wa Njombe wanavaa jezi yake, Lionel Messi, kwao Argentina anaitwa La Pulga. Pulga ni kiroboto. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji, akichomwa sindano za kumsaidia akue, na mwaka 2000 akapelekwa Barcelona akiwa na miaka 13. Mwaka 2022 kule Qatar, Kiroboto huyo alilinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha. Sijasikia kwamba Waargentina walimfikiria mama yake vibaya kwa ajili ya lile jina.

Tena wanaolitumia jina hilo kwa mtu mwepesi wa miguu wanajua wanachosema. Kiroboto hana mabawa. Ni mdudu wa milimita mbili au tatu, lakini anaruka kwenda juu sentimita 18 hivi, na kwenda mbele zaidi ya 30. Misuli peke yake haiwezi kazi hiyo. Juu ya miguu ya nyuma ana kipande cha protini inayovutika, wataalamu wanaiita resilini. Anaibana, anaifunga, halafu anaiachia yote kwa mara moja kama manati. Mwili wake umebanwa ubavu kwa ubavu, na vinywele vyake vyote vigumu vinaelekea nyuma, kwa hiyo katikati ya manyoya ya mbwa anapita mbele tu, ukimvuta kurudi nyuma ananasa. Ukimbana kati ya ncha za vidole hafi. Unamsugua, unafungua vidole uone kama umemaliza kazi, na yeye anaondoka zake. Mpaka umweke kati ya kucha mbili usikie "ta". Sasa winga mfupi anayepita kati ya mabeki wawili, wakamkanyaga, wakafungua miguu waone yuko wapi na kumbe yuko kwenye kibendera cha kona, mtangazaji amwite nani? Twiga?

Na si mpira tu. Mjukuu wangu aliokota fulana moja kwenye bero la mitumba mnadani hapa Mafinga, nyeusi, ina alama nyekundu ya pembe nane na maandishi Red Hot Chili Peppers. Yeye alidhani ni tangazo la pilipili. Ni bendi ya Los Angeles, na mpiga gitaa lao la besi dunia nzima inamjua kwa jina la Flea, yaani kiroboto. Jina alilopewa na wazazi wake ni Michael Balzary, kazaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1962. Mjukuu alinionyesha video kwenye simu. Mtu mzima kifua wazi, anaruka na gitaa shingoni kama vile jukwaa linamchoma nyayo. Huyo huyo mwaka 2001 alishirikiana na wenzake kufungua shule ya muziki kwa ajili ya watoto huko huko Los Angeles, na sidhani kama kuna mzazi aliyemtoa mwanawe kwa sababu mwalimu anaitwa Kiroboto.

Vijana wa bodaboda pale stendi niliwachekesha kwa hii nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Royal Enfield ya Uingereza ilitengeneza kipikipiki cha cc 125, chepesi kiasi kwamba kilishushwa kutoka angani pamoja na askari wa miavuli. Kikapewa jina la Kiroboto Arukaye. Wafaransa nao wana soko kubwa la vitu vilivyotumika huko Saint-Ouen, pembeni ya Paris, wanaliita Soko la Viroboto waziwazi na watalii wanamiminika. Na kiroboto wa panya mwenyewe, yule mbaya wa tauni, alipoandikwa kitaalamu mwaka 1903 na Mwingereza Charles Rothschild, mtu wa ukoo wa mabenki aliyependa viroboto kuliko hesabu, alipewa jina la Farao Cheops, mwenye piramidi kubwa kule Misri. Nadhani mtoto wa Njombe yuko kwenye kundi zuri.

Kwetu hapa aliyepata jina ni chawa. Kila ukifungua ukurasa wenu wa burudani kuna chawa wa msanii fulani, na kwenye siasa ndiyo usiseme. Hapo nina neno dogo kama mtu wa wadudu. Chawa wa kweli haruki, hana uwezo huo. Anazaliwa kwako, anakula kwako, na ukimtoa mwilini hamalizi siku nyingi. Yule anayenyonya kwa huyu leo, na mwili ukianza kupoa tu anamrukia mwingine, huyo si chawa. Wale wanaohama na mabegi kila karibu na uchaguzi mmekuwa mkiwapa sifa ya uaminifu wasiyokuwa nayo.

Basi, hayo ni mazungumzo ya kahawani. Jambo lililonikera ni kule kusema kiroboto ni mdudu wa watu wachafu.

Siwezi kumtetea kiroboto kwa kila kitu. Kesi ya tauni anayo. Paul-Louis Simond, daktari Mfaransa, alimtaja mwaka 1898 akiwa Karachi, na wenzake wengi walimcheka kwa miaka kadhaa. Panya anapokufa na kupoa, kiroboto anatafuta mwili wenye joto, na kama vijidudu vya tauni vimemziba koo, kila akijaribu kunyonya anavitapikia kwenye damu ya anayemuuma. Nchi yetu imeyaona hayo, Lushoto kuanzia mwaka 1980 watu walizika ndugu zao kwa miaka. Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba bila mtu kutega wala kuweka sumu, usiwaguse kwa mkono, toa taarifa. Hofu ya namna hiyo naikubali. Ninayoikataa ni aibu.

Kuna mwalimu mmoja hapa wilayani, mtu nadhifu ambaye hata suruali ya shamba anaipiga pasi. Desemba alifunga nyumba, akaipeleka familia Mbeya kwa likizo, paka akamwacha kwa jirani. Nyumba ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji yenye nyufa za hapa na pale, na zulia sebuleni. Januari wanarudi, wanafungua mlango, watoto wanakimbilia ndani, na dakika hiyo hiyo wanatoka wakipiga kelele, miguu imejaa vidoa vyeusi vinavyoruka. Jirani wa kwanza kufika akasema wametupiwa kitu. Jirani wa pili akasema alijua siku nyingi kwamba yule mama hapigi deki. Mpaka jioni ilikuwa mtaa mzima, na ndoa ilikuwa imeanza kutikisika kwa sababu ya mdudu asiyefikia punje ya mchele.

Nilipofika nilivaa soksi ndefu nyeupe, nikaziingiza suruali ndani yake, nikazunguka vyumba polepole. Ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote, wanajipanga kwenye soksi unawahesabu. Sebuleni walikuwa wengi, chumbani chini ya kitanda alipokuwa akilala paka ndiyo usiseme, jikoni hakuna hata mmoja. Nikachukua kipande cha karatasi ya chooni kilicholowa, nikakibonyeza kwenye vumbi jeusi la ukingo wa zulia. Likaacha madoa mekundu ya kahawia. Lile si vumbi, ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyokauka.

Nikamkalisha mwalimu na mkewe nikawaeleza. Kiroboto jike akishashiba damu anaweza kutaga makumi ya mayai kwa siku. Mayai ni laini, hayanati, yanadondoka popote mnyama anapolala. Yakianguliwa hutoka buu mweupe asiye na miguu, anayekimbia mwanga na kuingia kwenye ufa, na chakula chake ni hicho hicho kinyesi chenye damu kinachomwagika kutoka juu. Akishakua anajifungia kwenye kifuko cha nyuzi chenye kunata, vumbi linamganda, humwoni. Na humo ndani ana subira ya ajabu. Kama nyumba haina mtu, anaweza kukaa miezi. Anasubiri mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi. Mlipofungua mlango na watoto wakakimbia, nikawaambia, mliwapigia kengele wote kwa pamoja. Hakuna aliyewarusha. Wameota humu humu, chini ya paka wenu, mkiwa mmelala vizuri tu.

Mama wa watu akalia. Hakulia kwa sababu ya viroboto, alilia kwa sababu kuna mtu amesema mbele ya mumewe kwamba yeye si mchafu.

Dawa tuliyoifanya haikuwa ya ajabu. Zulia na magodoro tuliviweka juani vikakaa siku nzima, kwa sababu buu anakauka upesi kwenye jua. Nyufa zilifagiliwa kwa fagio la chelewa hadi zikabaki tupu, takataka zikachomwa. Usiku beseni la maji ya sabuni ya unga likawekwa sakafuni, taa ndogo pembeni yake. Wanarukia mwanga, wanaangukia kwenye beseni, na sabuni inawazamisha. Asubuhi maji yalikuwa na vidoa kama yamenyunyiziwa pilipili manga. Paka akapewa dawa ya paka. Hili nalisema kwa sauti kubwa, maana kuna watu wanachukua dawa ya mbwa yenye permethrini wanampaka paka, na paka anatetemeka hadi anakufa mikononi mwao. Nilimwonya pia kwamba kila siku kadhaa wataendelea kuona wachache, kwa kuwa waliobaki kwenye vifuko bado wanatoka, na wasije wakarudi kwa mganga.

Na ajabu ya Mafinga ni kwamba tunakimbilia chupa zenye picha za kutisha kutoka mbali, wakati ua linaloua viroboto linalimwa kwenye vilima vyetu. Pareto inatoka Mufindi, Makete, Mbeya, na kiwanda cha kuisindika kiko mji huu huu. Sumu ya lile ua, pairethrini, inampiga mdudu kwenye mishipa ya fahamu, halafu ikikaa juani inapotea yenyewe. Hiyo permethrini na ndugu zake ni nakala ya maabara, iliyotengenezwa idumu zaidi. Wazee wa huku walinyunyiza unga wa maua makavu kwenye vitanda vya kamba kabla mimi sijazaliwa.

Sasa nifike kwenye kiroboto ambaye watu hata hawajui kuwa ni kiroboto, naye ni funza.

Funza si mwenyeji. Alikuja na meli kutoka Brazil, akashuka Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872, na kwa miguu ya wapagazi na askari akaikata Afrika yote. Kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Jike lake halifiki hata milimita moja vizuri. Linaingia kwenye ngozi ya kidole au kisigino kichwa kikitangulia, linaacha tundu dogo nyuma la kupumulia na kutagia, na katika wiki moja hadi mbili linavimba kufikia ukubwa wa njegere. Linadondosha mayai kwa mamia, halafu linafia humo humo. Mayai yanaangukia vumbini, na vumbi kavu lenye kivuli ndilo shamba lake.

Nimeingia kwenye nyumba huko milimani, sitaji kijiji, nikiwa nimeitwa kwa ajili ya nguruwe anayechechemea. Kwato zake zilikuwa zimejaa funza mpaka hazisimami sawa. Nguruwe alikuwa anafungwa usiku kwenye chumba kile kile cha jiko, kwa kuogopa wezi na baridi ya Julai, na watoto wanalala hapo hapo kwa sababu ndipo kwenye moto. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa amekaa juu ya miguu yake. Nikamwambia anyooshe, akakataa. Bibi yake akasema hajaenda shule tangu mwalimu alipomsimamisha mbele ya wenzake, akawaambia watazame matokeo ya kutooga. Mtoto alikuwa ameoga. Nilimwona ameoga. Vidole vilikuwa vimevimba, kucha mbili zimeng'oka, na kisigino kilikuwa na vitundu kama sega.

Hapo ndipo ninapogombana na barua ya mama wa Njombe, ingawa najua hakuwa na nia mbaya. Aibu hiyo hiyo ya "mdudu wa wachafu" ndiyo inayomfanya mtoto akalie miguu yake. Ndiyo inayofanya watu watoboane usiku mlango umefungwa, kwa pini moja inayozunguka nyumba nzima, na pini hiyo inabeba pepopunda, homa ya ini na hata virusi vya Ukimwi. Ndiyo inayowafanya waibe au waombe dawa ya josho wakamchovye mtoto. Mimi dawa hiyo nimeipima kwa mikono yangu kwa miaka, naijua harufu yake na naijua kazi yake. Ni ya ng'ombe wa kilo mia tatu, na hata huyo tunampimia. Mtoto asiguswe nayo.

Yapo mafuta yanayoitwa daimetikoni, yamejaribiwa na wenzetu Kenya na Uganda. Yanapakwa, yanapenya kwenye lile tundu la kupumulia, funza anakosa hewa na kufa bila kutoboa mtu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwaingiza wadudu wa ngozi wa aina hii kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ningependa siku moja niingie zahanati ya kata nikayakute yale mafuta kwenye rafu, kama tunavyokuta vidonge vya minyoo. Mpaka hapo, nguruwe atolewe jikoni. Mabanzi yanatupwa na kuchomwa bure kwenye kila kiwanda cha mbao kati ya hapa na Makambako. Banda la kuinuliwa juu ya ardhi linahitaji mabanzi, misumari na Jumamosi moja. Sakafu ya vumbi imwagiwe maji na kusiribwa kwa udongo hadi iwe ngumu, maana kwenye sakafu ngumu buu hana pa kuingia. Halmashauri zikigawa mifuko ya saruji wakati wa kampeni, wazianzie nyumba za namna ile badala ya vibao vya ofisi. Na mwalimu akimwona mtoto anakanyaga kwa kisigino amwite pembeni, si mbele ya darasa.

Kwako mama wa Njombe: mwache kijana na jina lake. Nimesikia ni winga wa kushoto. Kama timu yake itapangiwa kuja kucheza Mafinga, nitakuwepo, na nikimwita usidhani namtukana.

Na kwako Mhariri, mdudu mliyemchora pembeni ya ile barua, mpana, bapa kwa juu, mwekundu wa kahawia, huyo ni kunguni. Kiroboto yeye kabanwa ubavuni. Naomba mrekebishe toleo lijalo.

Bwana Mifugo mstaafu,
Kinyanambo, Mafinga.